Wodi Inayomsubiri Mgeni

Kwa miaka miwili na miezi minne, mfagizi wa zahanati alikuwa akisafisha wodi ambayo haijawahi kulaza mtu. Aliifungua kila Jumatano, akishamaliza kazi za upande wa zamani. Alianza na madirisha, akashuka kwenye vitanda, akamalizia na sakafu. Vitanda vilikuwa sita, na vyote vilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani. Nailoni haikutakiwa kutolewa, kwa hiyo alifuta nailoni. Wakati mwingine alijikuta anaifuta polepole, kama vile chini yake amelala mtu asiyetakiwa kuamshwa.

Vumbi lilitoka kilimani. Zahanati ilikuwa kandokando ya barabara ya machimbo, na malori ya mawe yalipita tangu alfajiri mpaka jua kuzama, yakishuka yamejaa na kupanda matupu. Alipokuja kuolewa mtaani hapo, kilima kilizuia jua mpaka saa mbili asubuhi. Siku hizi jua likichomoza tu linaingia moja kwa moja jikoni kwake. Mawe yalikwenda kujenga miji ya watu wengine. Mtaa nao uliachiwa fungu lake, na fungu hilo ndilo lililojenga wodi ya wazazi, yenye vioo, vigae na mabomba sita ya kunawia.

Mume wake alikuwa mtoboaji wa miamba huko machimboni kwa miaka kumi na minane. Sasa alikuwa anashinda kwenye kiti cha mlangoni, anakohoa.

"Nusu ya kile kilima kiko humu," alikuwa akisema, akijigonga kifuani. "Wakipungukiwa mawe, waje kwangu wachimbe."

Watu walicheka. Mkewe alicheka nao, halafu akaingia ndani kuangalia dawa zimebaki ngapi.

Mtaani walimwita Mama Funguo. Jina lilitokana na ufunguo mmoja tu, wa kufuli la ile wodi, alioutunga kwenye uzi mweusi akauvaa shingoni. Siku aliyokabidhiwa, Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alisimama mbele ya watu akasema, "Ufunguo huu nampa huyu mama. Tena nawaambia kwa nini. Huyu anaogopa hata kivuli chake. Hawezi kumfungulia mtu."

Watu walipiga makofi. Naye alitabasamu, kwa sababu ilikuwa kweli. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila miezi mitatu kamati ilikaa kuangalia kama aendelee. Mtu wa namna hiyo hulala na sikio moja wazi. Alikagua kufuli jioni kabla ya kwenda nyumbani, akatoka, akarudi kulivuta tena, akatoka. Kila mwezi alilitia tone la mafuta lisishike kutu.

Kilichokuwa kinasubiriwa ni mgeni rasmi. Mgeni wa kwanza aliyepangiwa kuja kukata utepe alihamishwa kikazi wiki moja kabla ya siku yenyewe. Jina lake lilikuwa limeshachongwa kwenye marumaru kando ya mlango, kwa hiyo marumaru ikafunikwa kitambaa cha kijani mpaka ipatikane nyingine. Ilipopatikana nyingine, wenye machimbo na kamati wakavutana jina la nani litangulie. Halafu zikaja kampeni, ikasemwa si vizuri kufungua jengo wakati wa kampeni. Kampeni zilipokwisha, ikasemwa mgeni mpya angependa kufungua wodi na barabara kwa safari moja, na barabara ilikuwa bado. Kila sababu, ukiisikiliza peke yake, ilikuwa na akili. Ukizipanga zote pamoja ndipo kichwa kilipouma.

Na yale mabomba sita hayakuwa na maji. Yalikuwa yamepachikwa ukutani vizuri, yanang'aa, lakini nje ya ukuta hapakuwa na hata mrija wa kuyaunganisha na chochote. Mfagizi alichota maji kwenye pampu ya mkono ya upande wa zamani, akayabeba kwa ndoo, akapita nayo mbele ya mabomba sita, akadeki.

"Nimeandika barua nne wilayani," mfagizi aliambiwa na Sista, nesi wa pekee wa zahanati, ambaye pia alikuwa ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, na siku za mvua ndiye mziba paa. "Naomba mkunga wa pili na maji. Wananijibu kwamba wodi ambayo haijafunguliwa haiwezi kupangiwa mkunga wala kuvutiwa maji. Kwenye karatasi zao hapa kuna uwanja mtupu."

"Kwa hiyo mimi nadeki uwanja mtupu."

"Tena unang'aa, mama. Mungu akulipe."

Basi wanawake waliendelea kujifungulia upande wa zamani, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na pazia. Wakija wawili kwa wakati mmoja, wa pili alikaa kwenye benchi la ukumbini akiomba wa kwanza awahi.

Mwaka uliopita, huyo wa pili alikuwa mwanamke aliyeitwa Mama Kokoto, kwa sababu ya kazi yake. Alikaa kando ya barabara ya machimbo na nyundo, akivunja vipande vya mawe vilivyodondoka kutoka kwenye malori, akiviuza kwa mafungu. Alikuja kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, nywele zimejaa vumbi kama mtu aliyezeeka ghafla. Kitandani palikuwa na mtu. Mama Kokoto aliangalia ng'ambo ya uwanja, kwenye vioo vya wodi mpya.

"Mama, si kuna vitanda kule?"

"Haufunguki ule mlango, mwanangu. Mpaka mgeni aje."

Hakubisha. Alitikisa kichwa kukubali, kama msafiri aliyeambiwa mto umejaa. Alijifungulia ukumbini, juu ya kitenge cha mfagizi mwenyewe, maji ya mvua yakidondokea ndooni hatua mbili kutoka kichwani kwake. Mtoto aliishi siku tatu. Sista alisema labda hata angejifungulia wapi ingekuwa hivyo hivyo, labda. Mfagizi alilichukua hilo neno "labda" akakaa nalo mwaka mzima. Alipopita barabarani na kumkuta Mama Kokoto na nyundo yake, alimsalimia wa kwanza, na wakati mwingine alimwachia ndizi mbili bila kusema za nini. Mama Kokoto alipokea, akashukuru. Hakuwahi kutaja kitu. Aliamini alichoambiwa.

Halafu binti wa mfagizi, mtoto wake wa kike wa pekee, akarudi nyumbani na tumbo la miezi minane kujifungulia kwa mama yake.

Mfagizi alitaka ampeleke hospitali ya wilaya. Binti alikataa. Barabara ilikuwa imechimbika na malori, na gari la abiria lilichukua saa nne siku ikiwa kavu. "Nizalie njiani? Sista si yupo?"

"Sista yupo. Kitanda ndicho kimoja."

"Basi nitaomba niwe peke yangu."

Mama mtu aliomba kwa ajili yao wote wawili. Aliuliza mtaani nani ana mimba ya miezi mingapi, akawapanga kichwani: yule wa karibu na kisima bado wiki sita, yule mke wa dereva wiki tatu, yule msichana mdogo ambaye haijulikani bado wiki ngapi. Asubuhi alimwangalia binti yake miguu kama imevimba, mchana akaiangalia tena.

"Mama, umenihesabu vidole vya miguu mara tatu leo," binti alisema. "Vipo vyote."

"Cheka tu. Na wewe utazaa, utajua."

"Si ndiyo nakuja kujua."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Mfagizi alikuwa anakamua tambara ukumbini alipomwona binti yake anaingia getini ameshikiliwa na jirani, anatembea hatua tatu, anasimama, anashika ukuta, anatembea tena. Hakuhitaji kuuliza wala kuambiwa. Aligeuka kuangalia kwenye chumba chenye pazia. Yule mdogo ambaye haijulikani ndiye aliyekuwa kitandani tangu alfajiri, dripu mkononi, hali yake si ya kumwinua. Kwenye benchi alikaa mama mwenye mtoto wa homa. Ukumbini paa lilivuja mahali pale pale.

Sista alimpima binti wima, pembeni ya mlango, halafu akamtazama mfagizi. Akautazama ule uzi mweusi.

"Sikuambii kitu," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nikisema fungua, kesho nitaulizwa nilisema kwa cheo gani. Ila nina mikono miwili na kitanda kimoja. Na huyu hafiki saa saba bila kuzaa."

Mfagizi alishika ufunguo ndani ya gauni. Mambo yalimjia yote kwa pamoja, bila mpangilio: mkataba, dawa za kikohozi, Mwenyekiti na yale makofi, kitenge chake alichokifua mara nne baada ya siku ile na doa halikutoka. Alitamani atokee mtu wa kumwamuru, au wa kumkataza. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvua tu, na lori moja likishuka taratibu na mzigo wake.

"Mama," binti alisema, paji la uso likiwa ukutani. "Mbona umesimama?"

Walivuka uwanja watatu, yeye, binti na Sista, wamejifunika kipande kimoja cha turubai. Kufuli lilifunguka kirahisi sana. Mafuta aliyokuwa akilitia kila mwezi yalifanya kazi yake. Alirarua nailoni ya kitanda cha dirishani kwa meno, akatandika shuka aliyoileta begani. Halafu akaanza safari za ndoo, kutoka pampu hadi wodini, wodini hadi pampu, akipita mbele ya mabomba sita. Sista naye akawa anakimbia huku na kule kwenye mvua, glavu mpya kila upande, viatu vimejaa tope.

"Godoro linanuka kama dukani," binti alisema katikati ya uchungu mmoja na mwingine.

"Tulia. Nunua basi."

Saa saba kasoro mtoto alilia. Alikuwa wa kike, mzima, mwenye hasira. Kule upande wa zamani yule mdogo naye akapata wa kiume nusu saa baadaye. Sista alikaa kwenye sakafu ya vigae, mgongo ukutani, daftari la vizazi magotini.

"Hapa wanataka mahali alipozaliwa. Niandike wapi?"

"Andika uwanja mtupu," alisema mfagizi, na wote watatu wakacheka kicheko kile cha watu waliochoka, kisicho na sauti. Hakikudumu. Alipokuwa anamfuta mjukuu wake, mfagizi aliona kwamba katika yale mambo yote yaliyomtia hofu, lililokuwa gumu lilikuwa moja, nalo ni kuinua mkono. Hakulipenda alilokuwa ameliona.

Mwenyekiti alikuja kesho yake, mwavuli mkononi. Mlangoni alivua viatu, kama alivyozoea kuvivua kila alipokuja kukagua wodi. Alisimama na soksi mbele ya kitanda cha dirishani. Binti alikuwa ameshatoka na mwanawe. Nailoni iliyoraruliwa ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya godoro.

Mfagizi alisubiri ukali. Mwenyekiti hakuwa nao. Aliketi kwenye ukingo wa dirisha, mtu mzima mwenye magoti yanayouma.

"Hongera ya mjukuu."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Umeniweka pabaya, mama. Barua imefika juzi. Mgeni anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Wodi inatakiwa iwe mpya."

"Ni mpya, Mwenyekiti. Imetumika saa tatu tu."

"Mpya haina saa tatu." Alikuna kidevu. "Unadhani mimi napenda? Nimemngoja huyu mgeni mpaka meno yamening'oka. Lakini akikata utepe ndipo wilaya inalijua jengo. Ikilijua, ndipo maji yanakuja, ndipo Sista anapata mwenzake. Akikuta vitanda vimeshalaliwa, atasema wodi tulishajifungulia wenyewe, kwa hiyo yeye tulimwitia nini? Watu hawa wanashuka vyeo kwa kutoheshimiwa, na wanatushusha na sisi."

Mfagizi aliangalia chini. Kila alichosema, ukikisikiliza peke yake, kilikuwa na akili.

"Kamati inakaa Jumatatu," Mwenyekiti aliendelea. "Mkataba wako upo mezani siku hiyo. Nitakutetea. Nitasema ni uchungu wa mama. Ila nailoni irudi kama ilivyokuwa, na kufuli lifungwe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwenyekiti."

Alivaa viatu vyake nje, akishikilia ukuta, akaenda zake.

Kesho yake, Alhamisi, mfagizi alikwenda kwa muuza magodoro akaomba nailoni. Alipewa iliyotobolewa pembeni kidogo. Alikuwa anaigeuza upande wa tundu uende ukutani, mkanda wa gundi ukiwa umebana kati ya meno, aliposikia hodi. Mlango alikuwa ameuacha wazi, apate mwanga.

Mama Kokoto alisimama kwenye kizingiti. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni, na tumbo lilikuwa kubwa. Mfagizi alikuwa ameliona likikua huko barabarani. Alipokuwa akiwapanga wajawazito wa mtaa kichwani, huyu hakumpanga, na ni sasa tu alipotambua kwamba hakumpanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimesikia dada amejifungua salama. Hongereni."

"Ahsante. Tumshukuru Mungu."

Mama Kokoto aliangalia vioo, vigae, vitanda kimoja kimoja, mabomba. Aliangalia bila haraka, kama anayehesabu mafungu ya kokoto yake. Mwisho aliangalia mlango wenyewe, akauwekea kiganja, akausukuma kidogo. Ulikwenda, ukarudi.

"Kumbe unafunguka," alisema.

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Afadhali ingekuwapo, kejeli mfagizi angeijibu. Alitoa mkanda wa gundi mdomoni, akaushika tu.

"Ufunguo ndio huo?"

"Ndio huu."

"Na mwaka jana ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema ulikuwa kwa Mwenyekiti. Angeweza kusema yale maneno ya Sista, ya labda. Yote yalikuwa tayari ulimini, yamekaa huko mwaka mzima yakisubiri siku ya kutumika.

"Ulikuwa hapa hapa," alisema, akijigusa chini ya shingo.

Mama Kokoto alitikisa kichwa kukubali, kama siku ile. "Mimi nilijua ufunguo wanao watu wa mbali huko," alisema. Kisha akaonyesha kitanda cha dirishani kwa kidevu. "Unakifunga tena?"

"Mgeni anakuja Alhamisi ijayo."

"Asipokuja?"

Lori lilipita. Vioo vilitetema, na vumbi jembamba likaingia na kutua juu ya vigae ambavyo vilikuwa vimetoka kudekiwa. Wote wawili walilitazama likitua.

"Mimi mwezi wa nane huu," alisema Mama Kokoto. "Nilikuja kuona tu." Alirudi alikotoka, akipita pembeni ya uwanja ili asikanyage tope, mkono mmoja kiunoni.

Aliacha nyayo mbili za kijivu kwenye kizingiti. Mfagizi alichukua tambara akazifuta, kwa sababu mikono ilishazoea. Halafu akaitoa ile nailoni yenye tundu, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro. Alitandika shuka. Akaenda kuchota ndoo ya maji, akaiweka kando ya kitanda, akaifunika kwa sinia. Vitanda vitano vilibaki na nguo zao za dukani. Akafunga kufuli, akalivuta, akatoka. Hakurudi kulivuta mara ya pili.

Sista alikuwa chumba cha zamani anachemsha vifaa. Ukutani, juu ya daftari la vizazi, palikuwa na msumari uliokuwa ukitundikiwa kalenda ya mwaka juzi. Mfagizi aliitoa kalenda. Alivua uzi mweusi shingoni, ukamkwama kwenye kilemba, akaunasua, akautundika.

Sista alizima jiko. Alitazama msumari, akamtazama yeye.

"Nikiulizwa?"

"Sema niliusahau."

"Wewe? Wewe unayerudi mara mbili kuvuta kufuli? Nani ataamini?"

"Wasiamini."

"Jumatatu watakuondoa, mama."

"Wanaweza." Alikaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, ambayo ilikuwa inamuuma tangu Jumanne. Shingoni, pale uzi ulipokuwa, palibaki mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko ngozi nyingine, na alikuwa anaugusagusa bila kujua. "Yule wa kokoto ana mwezi wa nane. Ukimwona anakuja usimkalishe kwenye benchi. Mpeleke moja kwa moja."

"Na kama mgeni atakuwa amesimama pale na mkasi wake?"

Mfagizi alifikiri. Nje, lori jingine lilikuwa linashuka.

"Mwombe apishe kidogo," alisema.

Kisha alinyanyuka, akachukua ndoo yake, akaenda nyumbani kuchemsha maji ya kumwogeshea mjukuu. Mzee wake alikuwa mlangoni kama kawaida. Alimwangalia mkewe shingoni, akakohoa, akasogeza kiti kumpisha apite.